Kimya Kwenye Sinia Si Sunna



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kulijibu swali tuliloulizwa hapa Eldoret baada ya darsa ya akina mama. Muulizaji ni mama wa Kiamu aliyemfuata mumewe huku bara miaka mingi iliyopita. Alisema: "Maalim, sisi tulilelewa tukiambiwa kwamba anayekula hasemi, nami wanangu nimewalea vivyo hivyo. Sasa huyu mkubwa ana miaka 14, amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na tangu aje sijapata kwake neno ila 'sawa' na 'poa'. Akila, macho yako kwenye simu. Nikimsemesha, anikumbusha kwamba ni mimi niliyemfundisha kunyamaza. Je, sunna hii ya kunyamaza mtu akila haina ruhusa yoyote?"

Jibu letu lilikuwa fupi: sunna hiyo haipo. Lakini jibu fupi halikumtosha mama yule, wala hatudhani litawatosha wasomaji wetu, kwa kuwa katika nyumba nyingi za wapwani kimya hicho kimekaa kitako kana kwamba kimeteremshiwa aya. Basi na tulifafanue.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza ahali zake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaiagiza, akawa anakula huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha al-Adhkar, ameitegemea hadithi hiyo kuonyesha kwamba kuzungumza kwenye chakula ni jambo lipendezalo, tena akaleta kauli ya Imam Ghazali kuwa miongoni mwa adabu za kula ni watu kuzungumza yaliyo mema na kusimuliana habari za watu wema. Ghazali mwenyewe, katika Ihya, anakihesabu kimya cha wakati wa kula kuwa ni desturi ya Waajemi. Nasi tumekichukua tukakivika kanzu.

Hatusemi kwamba wazee wetu hawakuwa na sababu. Sinia moja la wali lililozungukwa na watoto wanane, na juu yake samaki mwenye miiba, halitaki makelele. Asemaye na tonge kinywani amekosa adabu, na mwiba wa changu haujali umri wa mtu. Hilo lipo na libaki. Lakini katazo la kusema na tonge mdomoni lilivutwa, likanyooshwa, mwisho likawa katazo la kusema kabisa, na lililowekwa kwa ajili ya watoto likawavaa hata watu wazima.

Iko hadithi nyingine ambayo kwa maoni yetu kila mzazi yampasa kuijua. Abdullah bin Umar (R.A.) asimulia, kama alivyopokea Imam Bukhari katika kitabu cha vyakula, kwamba walikuwa wameketi na Mtume (S.A.W.) likaletwa shaha la mtende, yaani kile kiini cheupe na laini cha kileleni, ambacho watu wa minazi waujua vyema utamu wake. Hapo Mtume akawategea fumbo: katika miti uko mti ambao baraka yake ni mfano wa baraka ya Muislamu. Katika mapokezi mengine ameongeza kwamba majani yake hayapukutiki. Watu wakaenda mbali kwa mawazo, wakaifikiria miti ya majangwani. Ibn Umar alikwisha kutambua kuwa ni mtende. Lakini alitazama akajiona yeye ni wa kumi katika watu kumi, tena mdogo wao wote; akaona haya, akanyamaza. Baadaye alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar (R.A.) alimwambia kwamba lau angelisema, lingelikuwa hilo apendalo zaidi kuliko kupata kadha wa kadha.

Tuiangalie vizuri. Fumbo lategwa chakula kiko mbele, na jibu lake ni mti ule ule uliotoa chakula hicho. Mtoto yumo ndani ya kikao, hakupelekwa uani. Na baba, Umar yule ambaye watu wazima walimcha, hakumsifu mwanawe kwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Alitamani angesema. Wangapi kati yetu tungalimpa mtoto jibu hilo? Wengi wetu tungalisema: "Vyema, mwanangu, umejua kuheshimu wakubwa."

Sasa, kwa nini tulikazanie jambo hili kutoka Eldoret? Kwa sababu huku ndiko tunakoiona gharama yake. Pwani, nyumba ikinyamaza, mtaa husema. Mtoto wa Mji wa Kale akitoka mlangoni tu amekutana na baraza, na mama wa jirani amuulizaye ametumwa wapi na mbona hakutoa salamu, na wazee wa kahawa wanaobishana tangu Alasiri. Lugha na habari na adabu vyamwingia bila mwalimu. Eldoret ni mji wa namna nyingine. Uko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Magharibi ikiadhiniwa, baridi imekwisha kuwaingiza watoto ndani. Jirani wa kulia ni Mnandi, wa kushoto ni Mluhya au Mkikuyu, wa nyuma ni Msomali. Ni majirani wema, Mungu awabariki, lakini si kazi yao kuwalelea wanetu lugha ya Kiamu wala ya Kimvita. Shuleni ni Kiingereza, barabarani ni Sheng. Nao mji wenyewe, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, una pilikapilika zake: baba mwenye duka huchelewa kufunga, na baba mwenye lori yuko njia ya Malaba. Baraza iliyobaki ni sinia. Nalo likinyamaza, mtoto hana pengine pa kusemea.

Lakini ulimi uliofungwa kwa miaka kumi na minne haufunguliwi kwa amri. Mzazi akimwambia mtoto, "Haya, zungumza!" atapata kimya kirefu zaidi. Kumuuliza "Shule ilikuwaje?" ni kuliita lile "poa". Ndiyo maana twapendekeza michezo, na si michezo ya kununua dukani. Tunayo yetu.

Wa kwanza ni kitendawili, na hasa sehemu yake ambayo watu wameanza kuisahau, ile ya kutoa mji. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitikia, "Tega!" Akatega: "Kuku wangu ametagia miibani." Wakibahatisha wakashindwa, mtegaji hudai: "Nipeni mji." Nao humpa: "Chukua Malindi." Hapa wengi siku hizi hutaja jibu na mchezo ukapita. Wazee wetu hawakuwa na haraka hiyo. Aliyepewa mji sharti ausafiri kwanza: "Nikaenda Malindi, wenyeji wakanipokea, wakanitandikia, nikala halua nikanywa kahawa, wakaniuliza nimewaacha watu gani nyumbani, nikawaambia nimewaacha watu wasiolijua nanasi." Watu hucheka, aliyeshindwa hajavunjika moyo, na mtegaji amezungumza maneno hamsini bila kujua kwamba anazungumza.

Tulialikwa chajio katika nyumba moja mtaa wa Kapsoya ambako mchezo huo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Watoto wakatoa miji waliyoijua: Nairobi, Kisumu, Iten, kisha London na Manchester. Mombasa ilipokwisha kutolewa mara mbili, pwani nzima ikawa imewaishia. Nyanya yao, aliyekuwa amekuja kuwazuru, akakataa kuipokea Manchester. Akasema yeye hana nauli ya huko, anataka Siyu. "Siyu ni wapi, nyanya?" Bibi wa watu akaacha kula. Akawaelekeza Siyu iliko katika kisiwa cha Pate, ngome yake, mafundi wake wa viatu vya ngozi, na jinsi watu wake walivyowasumbua askari wa Sayyid Said wa Unguja. Juma lililofuata, twaambiwa, watoto walikuwa wakigombania Faza, Takaungu, Mambrui na Vanga, na mdogo wao ametoa Kapsabet, ambayo nyanya aliikubali kwa sharti kwamba mtoto mwenyewe aeleze kilichoko huko. Sisi twaona hukumu hiyo ni ya haki. Mtoto aliyezaliwa huku naye ana miji yake, na asionewe aibu kwayo.

Na iwapo mtoto wa jirani ameketi nanyi, mwacheni naye atege. Wanandi wana vitendawili vyao tangu zamani. Mwingereza Hollis alivikusanya katika kitabu kilichochapwa mwaka 1909. Mtoto huyo akitega cha kwao, wa kwenu nao watajifunza jambo, na mgeni hatakaa kama mgeni.

Vitendawili vikizoeleka, watoto watunge vyao. Si lazima viwe vizuri. Tulisikia kimoja hapa kilichotungwa na msichana wa miaka tisa: "Mtoto wangu amezaliwa na ndevu, tena amevaa nguo saba." Mtoto wa Uasin Gishu, alikozungukwa na mashamba ya mahindi kila upande, atakijua kabla hujamaliza. Mtoto wa Lamu huenda akatoa mji.

Mchezo wa pili wawafaa waliokwisha anza chuo. Mmoja ajiwekee moyoni mnyama aliyetajwa katika Qur'ani, na wengine wamuulize maswali kumi ambayo majibu yake ni "ndiyo" au "la" tu. Ana mabawa? Alizungumza? Alikuwa pamoja na Mtume? Huenda akawa ni hudihudi wa Nabii Suleiman, au kunguru aliyemwonyesha mwana wa Adam namna ya kumzika nduguye, au mbwa wa watu wa pangoni, au sisimizi, au ngamia jike wa Nabii Swaleh. Mchezo huu una faida iliyofichika: mtoto anayeuliza maswali kumi katika mchezo hujifunza kuuliza, na mtoto ajuaye kuuliza siku moja atakuuliza jambo ambalo angemwuliza mtu mwingine. Twatahadharisha jambo moja tu: wawe ni wanyama. Mtoto asijifanye Nabii, hata kwa mchezo.

Wa tatu ni wa mwisho wa chakula, na huu ndio tunaoupenda kuliko yote. Wekeni tende, moja kwa kila mtu. Alaye ataje tamu aliyoipata siku hiyo, kisha aitoe kokwa mdomoni, aiweke katika kisahani, na ataje lililokuwa gumu. Baba na mama nao wale na waseme. Mama akisema, "Kokwa yangu leo ni kwamba gesi imeniishia mchuzi uko jikoni," mtoto atajua kuwa ugumu si aibu.

Tumepewa ruhusa kusimulia yaliyotokea katika nyumba moja, bila ya kuwataja wenyewe. Baba ni dereva wa lori, hulala nyumbani usiku mbili au tatu kwa juma. Walicheza tende kwa siku kadhaa, na kokwa za watoto zilikuwa za kawaida: mtihani wa hesabu, soksi iliyopotea. Binti yao, mwenye miaka 12, alikuwa akitoa kokwa yake bila ya neno. Hawakumlazimisha. Usiku wa tano au wa sita akasema, huku akiigeuza kokwa kwenye kisahani, kwamba gumu lake ni njia ya kutoka shule. Kuna mwendeshaji bodaboda kwenye kona fulani ambaye humwita kwa jina, humwambia ampande bure, na mara moja amemshika mkono wa mkoba. Kwa hiyo yeye huzunguka njia ya mbali. Tangu lini? Tangu wiki tatu. Mama yake akakumbuka kwamba kwa wiki tatu hizo alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa kurudi.

Baba yule ni mtu wa moto, na yeye mwenyewe atatuwia radhi kwa kusema hivyo. Alitusimulia kuwa alitaka kuinuka saa ile ile, usiku ule ule, aende akamtafute mtu huyo. Mkewe akamwekea mkono begani. Akaketi, akamwuliza binti yake swali moja tu: "Kokwa hii uliibeba peke yako kwa nini?" Akamjibu: "Baba, wewe ukiwapo twala kimya, na usipokuwapo hupo." Asubuhi walikwenda wote wawili shuleni, wakazungumza na mwalimu mkuu, kisha kwa chifu, na viongozi wa kituo cha bodaboda wakaitwa. Mtu huyo hayuko tena kwenye kona ile. Na binti sasa arudi pamoja na wenziwe wawili wa mtaa.

Hatuisimulii habari hii ili kuwatia akina mama hofu. Twaisimulia kwa sababu ya zile siku nne au tano za kokwa zisizo na neno. Mtoto alikuwa akipima. Alikuwa akitazama kokwa za wenziwe zikipokewaje: je, aliyefeli hesabu atatukanwa? Aliyepoteza soksi atapigwa? Alipoona mambo madogo yametua salama katika kisahani ndipo alipolitoa kubwa. Lau siku ya kwanza baba angalimfokea kakake kwa ajili ya mtihani wa hesabu, twaamini kokwa ile ingalibaki mdomoni hadi leo. Kwa hiyo sharti la mchezo huu ni zito: lisemwalo kwenye tende halitolewi adhabu hapo hapo, wala halipelekwi kwa shangazi kwa simu kabla vyombo havijaoshwa. Kikao ni amana.

Masharti mengine ni mepesi. Pasiwe na uwongo, hata wa kuchekesha, kwani Mtume (S.A.W.) alifanya mzaha na hakusema ila kweli. Pasiwe na kukejeliana wala kuitana majina ya kuudhi, anayegugumia asiigizwe. Pasiwe na fedha wala dau: mji ni mji tu, hauuzwi. Mzazi akitaka kumzawadia mshindi kutoka mfukoni mwake, hiyo ni hiba, na si kamari. Na simu zote ziingie kikapuni, ya baba ikitangulia. Baba akiibakisha yake "kwa sababu ya kazi", asishangae kikapu kikibaki kitupu. Nyumba ile ya dereva ina ruhusa moja: baba akiwa safarini hupiga wakati wa chajio, simu ikawekwa katikati ya mkeka, naye akategewa kitendawili akiwa Malaba. Twaambiwa hushindwa sana.

Watu watatuuliza, wakati uko wapi? Baina ya Magharibi na Isha mna muda wa saa moja na dakika chache, na huku kwenye baridi watoto hawana pa kwenda. Robo saa yatosha. Wasioweza kukutana ila baada ya Isha wasiogope lile lililopokewa kuhusu kuchukiza mazungumzo baada ya swala hiyo: Imam Bukhari ameweka mlango mahsusi wa kuzungumza usiku pamoja na mgeni na ahali, na Ibn Abbas (R.A.), aliyelala kwa mama yake mdogo Bibi Maimuna (R.A.) naye ni kijana, ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala.

Limebaki neno kwa waume, na wake wasiache kuwasomea. Bado ziko nyumba zetu ambamo wanaume na wavulana hula kwanza sebuleni, na mama na mabinti hula kilichobaki jikoni, wakiwa wamechutama. Mkiwa na wageni wasio maharimu, hilo tunalifahamu. Lakini siku ambayo hamna mgeni, kisingizio ni kipi? Mtume (S.A.W.) alikuwa akinywa katika chombo akiweka mdomo pale pale alipouweka Bibi Aisha (R.A.). Na alimsikiliza akimsimulia kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakieleza habari za waume zao, mmoja baada ya mmoja, mpaka kwa Ummu Zar'i, hakumkatiza. Ni nani miongoni mwetu ambaye mkewe ameweza kumaliza kisa cha wanawake watatu? Basi mama aketi. Tena mchezo usiwe kazi nyingine aliyoongezewa mama juu ya kupika, kupakua na kuosha: kutega na kuongoza iwe ni zamu ya baba, au ya huyo kijana wa miaka 14 mwenye "sawa" na "poa". Vijana wa umri huo hupenda kuwa waamuzi kuliko kuchezeshwa.

Nasi juma hili twawategea wasomaji wetu, wa pwani na wa bara. Kitendawili! "Wa kwanza kuingia chunguni, wa mwisho kutoka, na tangu azaliwe hajajua utamu wa mchuzi." Jibu tutalitoa juma lijalo, inshallah. Atakayeshindwa atuletee mji, nasi twaomba usiwe Manchester.